Mwambie Huyo Fundi

Mimi ni fundi cherehani, siyo simu. Nina chumba cha kushonea pale Karatu mjini, nyuma ya stendi, na watu wa mji huu wananijua: ukiniletea kitambaa nakipima, nakikata, nakishona, na ukinizungusha nakusema mbele ya wateja. Sasa mtu kama mimi kugeuzwa tarishi kwenye nyumba yangu mwenyewe, nikawa nabeba maneno ya wanaume wawili ambao mmoja akikohoa mwenzake anasikia, hilo nikilikumbuka damu inachemka.

Nyumba yenyewe iko Ganako, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu. Vyumba viwili na baraza, si jumba la kutisha mtu. Nilikuwa naijenga kwa ajili ya mama yangu, Bi Sikudhani, aliyekuwa anaishi peke yake Mang'ola kwenye kijumba cha udongo kando ya mfereji wa mashamba ya vitunguu. Kila masika maji ya mfereji ule yanapanda mpaka yanagusa miguu ya kitanda chake. Nilimbembeleza aje tukae wote mjini, akagoma. "Salha, mimi chumba cha kupanga sikai," aliniambia. "Nikohoe usiku, mwenye nyumba agune? Jenga. Ukimaliza nitakuja." Basi nikajenga. Na mwaka huu niliapa kwamba masika hayamkuti mama kando ya mfereji ule, hata kama ni mimi mwenyewe nipande juu ya kuta nikagongelee bati.

Mafundi wangu walikuwa wawili. Wa ukuta aliitwa Marijani, Mrangi wa Kondoa aliyekulia hapahapa Karatu, mtu wa swala tano na ukuta ulionyooka, lakini ana haraka kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Wa paa alikuwa Moloimet, Mmasai wa Endulen, kule ndani Ngorongoro, aliyejifunzia useremala kwenye karakana ya mapadri. Mrefu, mpole, akifika kazini anatundika shuka lake kwenye mti na kuvaa ovaroli. Mwanzoni walipatana sana. Marijani akisema, "Mmasai na msumari wapi na wapi," Moloimet anamjibu, "Na Mrangi na kimo je? Subiri nikuletee ngazi." Wanacheka, kazi inakwenda, mimi naondoka kwenda kwenye cherehani zangu roho nyeupe.

Kisha Moloimet akaomba ruhusa aende kwao. Akakaa huko siku kadhaa. Aliporudi, sijui kulitokea nini asubuhi ile kabla sijafika, lakini nilipofika nilikuta kila mtu ana kona yake, na kuanzia hapo hawakusemeshana tena. Nilimwuliza Marijani.

"Mimi nimemwambia tu anishikie ngazi," alisema. "Kama mtu mzima ananuna kwa ajili ya ngazi, shauri yake."

Nikamwuliza Moloimet.

"Hakuna neno, dada," alisema, na akaendelea kuranda ubao.

Haya. Vibarua tuliokuwa nao walikuwa wa leo siyo wa kesho, hakuna aliyemjua mwenzake, kwa hiyo mzigo wote wa maneno ukaniangukia mimi. Nikitoka dukani mchana na chai yao, naanza kazi ya pili. "Mwambie huyo fundi aondoe mbao zake, nataka kupitisha toroli." Naenda namwambia. "Mwambie huyo fundi toroli ina njia nyingine." Narudi namwambia. Wote wawili wananitazama mimi, hakuna anayemtazama mwenzake, na wote wawili wamesikia vizuri kabisa kilichosemwa. Wallahi kuna siku nilisimama katikati na birika la chai mkononi nikajiona kama kichaa.

Lakini mawingu yalikuwa yameshaanza kukalia msitu wa Ngorongoro, yanashuka kila jioni chini kidogo zaidi, na mimi sikuwa na muda wa kutafuta mafundi wengine. Nikasema potelea mbali, wanuniane, mradi nyumba inapanda.

Ili tuwahi mvua, ilibidi kenchi, zile fremu za mbao za kubebea paa, zitengenezwe chini wakati kuta bado zinamaliziwa. Moloimet akasema, "Mwulize huyo fundi upana wa nyumba ni futi ngapi." Nikamwuliza. Marijani, mwiko mkononi, hakugeuka hata shingo. "Mwambie futi kumi na nane." Nikampelekea Moloimet futi zake kumi na nane kama nilivyopewa, sikupunguza wala sikuongeza. Akakata mbao, akapigilia, akazipanga kenchi zote kando ya uzio, safi, zimenyooka. Nilizipitia kwa macho nikaona kabisa mama yangu amelala chini yake.

Siku ya kuzipandisha nilifunga duka. Vibarua wakaibeba kenchi ya kwanza, wakaisimamisha, wakaipandisha juu ya kuta. Ikashuka. Ikashuka taratibu, katikati ya kuta mbili, ikaingia ndani ya nyumba kama droo inavyoingia kwenye meza. Ilikuwa inatosha ndani barabara. Juu ya ukuta haikugusa popote.

Marijani akanigeukia mimi.

"Mwambie huyo fundi ukuta una unene. Nilimpa kipimo cha ndani."

Na Moloimet naye akanigeukia mimi. "Mwambie huyo fundi paa hukaa juu ya ukuta, halikai ndani. Seremala hupewa kipimo cha nje. Kwani hajui?"

Hapo nilipasuka. "Mimi ni fundi cherehani," nikawaambia. "Mtu akinipa kipimo cha kiuno namwuliza, ni cha mwili au cha nguo? Kwa sababu nguo inaongezwa ya kushonea, na inaongezwa ya kupumulia. Namwuliza kwa mdomo wangu, ananijibu kwa mdomo wake. Nyinyi mna midomo miwili mizima hapa, mmeifunga kama ya watoto waliokatazwa sukari, mnatumia wangu. Mdomo wangu hauna habari ya ndani wala nje. Kuanzia sasa hivi sibebi neno la mtu. Mnataka kuambiana, ambianeni."

Nilidhani wataona haya. Wapi. Marijani akaosha mwiko wake kimya kimya, akauweka kwenye mfuko. Kuna loji mpya ilikuwa inajengwa njia ya kwenda geti la Ngorongoro na walikuwa wameshamwita. Akasema anakwenda huko, kazi ya mzozo haiwezi. Moloimet akakusanya msumeno na randa, akavua ovaroli, akachukua shuka lake mtini.

"Kazi yako siyo mbaya, dada Salha," akaniambia. "Ila watu wa hapa hawaulizi."

Nilidhani anazungumzia futi. Wakaondoka, huyu kushoto na yule kulia, mimi nikabaki na kuta zilizo wazi juu na rundo la kenchi fupi.

Simu ikalia. Mama.

"Shikamoo mama. Mvua imeanza huko?"

"Marahaba. Ya rasharasha tu. Salha, nilitaka nikuambie..."

"Mama, subiri, hapa pamechafuka. Nitakupigia."

Nikakata. Nilitazama mawingu. Nilikuwa na mifuko ya saruji ndani, na juu ya kuta udongo ulikuwa bado mbichi. Nikaona nitafute kwanza cha kufunikia, kilio kitafuata.

Nyuma ya uzio wangu wa minyaa anaishi mama mmoja wa Kiiraqw, Cresensia. Ana tanki la maji, na mafundi walikuwa wanateka kwake kila asubuhi. Mimi na yeye tulikuwa tunapeana habari za asubuhi, nzuri, basi, kila mtu na njia yake. Nikazunguka kwake nikamwomba turubai la kuanikia mahindi.

"Turubai lipo," akasema. "Kaa kwanza."

"Sikai, dada. Mawingu hayo."

"Kaa, Salha. Mvua haijafika bado." Akanipa turubai, akanisogezea kigoda, nikakaa ukingoni. "Nimewaona mafundi wako wanatoka na vyombo vyao. Moloimet ameondoka hivihivi, na msiba wake ule?"

"Msiba gani?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyekuja shuleni bila nguo. "Mama yake. Kwani alikwenda kwao kufanya nini? Hamkujua?"

Nikauliza tu, "Sasa mbona hakusema?"

"Alianza kusema," alisema Cresensia. "Wewe umekaa na Wamasai mji mmoja miaka yote hii, hujui? Kwao habari zinaliwa, kama chakula. Mtu akitoka safari, humwulizi jambo moja ukakimbia. Mnakaa. Anakupa za njiani, anakupa za majani, za ng'ombe, za watoto, moja moja, na wewe unaitikia. Zito linakuja mwisho. Halafu na wewe unampa za kwako. Siku aliyorudi alianza kumpa yule mwenzake habari. Amefika kwenye ng'ombe, mwenzake akamwambia, ng'ombe baadaye bwana, shika ngazi."

"Lakini si angesema tu kwamba amefiwa?"

"Aseme vipi? Kwao aliyekufa hatajwitajwi ovyo. Huwezi kumtangaza juu ya ngazi. Alishika ngazi, akamaliza, ndipo akaja hapa kuteka maji. Mimi nikamkalisha hapohapo ulipokaa, nikazila habari zote. Alilia."

Nilikaa na turubai lile mapajani. Niliona aibu, nikaona na hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu wiki zote zile yule mtu alikuwa anapokea chai yangu, anasema asante dada, na mama yake yuko ardhini, na katika sisi hakuna aliyempa hata neno la pole. Mbwa wa jirani akifa watu hupeana pole. Nikamwuliza Cresensia atakuwa amekwenda wapi.

"Kesho ni mnada. Watu wa kwao wataleta ng'ombe. Atarudi na lori lao, jioni."

Tulifunika saruji na kuta pamoja, mimi na yeye, tukakandamiza turubai kwa matofali. Kisha nikaenda moja kwa moja mjini, msikitini, nikasimama nje mpaka watu walipotoka swala ya alasiri. Marijani aliponiona akaanza kusema, "Dada Salha, kama ni habari ya zile kenchi..."

"Siyo kenchi," nikamwambia. "Moloimet alikwenda kwao kumzika mama yake. Siku ile uliyomwambia ng'ombe baadaye, alikuwa njiani kukuambia hivyo."

Marijani alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Kingine kikabaki mkononi. "Innalillahi," alisema polepole. Akakaa kwenye ngazi ya msikiti. "Yaani nimekula naye sahani moja. Nimemnunia kwa sababu ya ngazi, na mwenzangu ana msiba. Sijampa mkono." Halafu akaniuliza kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha, "Yuko wapi?"

"Kesho mnadani. Na usije ukamfuata kwa haraka zako."

Kesho yake tukaenda. Mnada wa Karatu mnaujua: vumbi, ng'ombe, mitumba, moshi wa nyama, vipaza sauti vinavyoshindana. Tulimkuta Moloimet pembeni, karibu na lori, ameketi kwenye kreti la soda, vyombo vyake vimefungwa kwenye kiroba miguuni. Alituona tunakuja, akatazama pembeni.

Marijani akajikohoza. "Moloimet, bwana, sisi tulikuwa..."

Nilimkanyaga mguu. Nilimkanyaga hasa, kwa kisigino. Akanitazama, akaanza upya.

"Sopa," akasema, hiyo salamu ya Kimasai ambayo zamani alikuwa anaitumia kwa utani tu.

Moloimet akamgeukia. "Epa," akaitikia.

Marijani akatafuta kreti, akaligeuza, akakaa. Mimi nikabaki nimesimama nyuma yake. Na yule mtu wa haraka, ambaye hata chai huinywa amesimama, akaanza kutoa habari zake. Hakujua zinavyotolewa. Alizitoa kama mtu anayepita kwenye matope kwa viatu vya sikukuu.

"Mimi sijambo," alisema. "Nyumbani... nyumbani hawajambo. Mke wangu analalamika mgongo."

"Ee," akaitikia Moloimet.

"Mtoto wetu wa pili amefaulu, ila anakwenda shule ya mbali, mama yake hataki."

"Ee."

"Ng'ombe sina, unajua. Nina kuku. Mwewe amechukua wawili."

"Ee," akasema Moloimet, na mdomo ukasogea kidogo pembeni. Marijani akaendelea hivyo mpaka akaishiwa. Akasema jana alikula nini, akasema loji walimwita na hakwenda, akasema goti linamsumbua tangu mawingu haya yaanze. Halafu akaweka mikono yake magotini, akasubiri.

Moloimet akaanza. Alianza mbali. Alianza na gari lililomchukua Karatu siku ile ya safari, na mahali lilipoharibika, na ukungu uliokuwepo kwenye ukingo wa kreta. Akaja kwenye majani, kwamba yalikuwa yamekauka. Akaja kwenye ng'ombe, nani amekonda na nani amezaa. Marijani anaitikia, "Ee. Ee." Dereva wa lori akapiga honi. Watu walikuwa wameanza kupanda. Mawingu yalikuwa yameshafunika jua, na mimi moyo wangu wote ulikuwa Ganako juu ya zile kuta, nikatamani kusema jamani, fikeni basi. Niliung'ata ulimi. Haki ya Mungu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama kimya nyuma ya kreti lile.

Akafika kwenye watoto wa boma. Akawapitia. Halafu akatazama chini.

"Na yule mama wa boma letu," alisema, "hayuko."

Marijani akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Mungu ampumzishe. Na mimi unisamehe."

Moloimet hakuuvuta mkono. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Kila nikirudi nyumbani," alisema, "yeye ndiye alikuwa wa kwanza kula habari zangu. Ananiuliza, umejenga nyumba ya nani, ana watoto, paa lake linavuja? Safari hii nimefika, habari ninazo, wa kuzila hayupo. Nikarudi nazo kazini."

Marijani aliinamisha kichwa. Mimi nikampa pole yangu. Honi ikapigwa tena. Moloimet akageuka akamwambia dereva jambo kwa Kimasai, na lori likaondoka bila yeye.

Kisha ni yeye mwenyewe aliyesema, "Kile kipimo kilikuwa cha ndani?"

"Cha ndani," akasema Marijani. "Tangu nimeanza kazi natoa cha ndani. Ningeuona uso wako ningejua umeelewa vibaya."

"Zinaweza kuungwa," Moloimet akasema. "Nikibana vibao pande zote mbili za kila ubao, na misumari mirefu, zitakaa. Ila kazi itakuwa kubwa."

"Basi twende," nikasema mimi, maana hapo sasa zamu yangu ilikuwa imefika.

Na tulifanya kazi. Sikurudi kwenye cherehani mpaka bati la mwisho. Wateja walipiga simu nikawaambia nguo zenu ziko salama, hazinyeshewi, mimi ndiye nitanyeshewa. Cresensia alikuja na mumewe, Patrisi, na Patrisi akaita majirani wengine wawili ambao mimi nilikuwa nawajua kwa kofia tu. Wakashika kenchi zilizoungwa wakati zinapandishwa. Hiyo ya kwanza ilipokaa juu ya ukuta, kuta zote mbili, Marijani aliipiga kofi kama mtu anayempiga ng'ombe wake aliyemnunua.

Ila niliweka sharti. Asubuhi hakuna anayegusa chombo kabla chai haijanywewa kwa kukaa, na kila mtu atoe habari zake mpaka ziishe. Hata kibarua wa siku moja. Marijani siku ya kwanza alilalamika kwamba tunachelewa. Siku ya tatu tulikuwa tunamkatiza yeye, anatueleza habari za mwewe na kuku kwa mara ya pili. Na pale kwenye chai ndipo Patrisi alisema upepo wa masika hapa Ganako unapiga kutoka upande wa barabara, na Moloimet akaenda kuongeza misumari upande huo. Mimi nisingejua kuuliza jambo hilo, wala Patrisi asingepanda juu kuja kutuambia.

Siku mvua ilipofika, ilitukuta tunamalizia kofia ya paa. Ilianza kwa matone makubwa, moja moja, bati likawa linalia. Na mchana huohuo lori la vitunguu kutoka Mang'ola likasimama barabarani, mama yangu akashushwa na furushi la nguo na gunia dogo la vitunguu.

Nilimkimbilia. Nikamnyang'anya mzigo, nikamshika mkono, nikamvuta. "Mama, njoo uone. Ona baraza lako. Ona dirisha, jua la asubuhi litaingilia hapa. Njoo uone chumba." Tayari nilikuwa na mguu mmoja ndani.

Moloimet alishuka kwenye ngazi. Akaja mpaka mbele ya mama, akainama, akampa kichwa chake, kama vijana wa kwao wanavyowafanyia wazazi. Mama hakuizoea desturi ile, lakini mkono wake ulikwenda wenyewe, ukatua utosini.

"Habari ya huko ulikotoka, mama?" akamwuliza. Akageuza ndoo tupu pale barazani ili akae.

Mama akakaa. Akashusha pumzi, akatengeneza khanga, akaanza. Akaanza na lori, kwamba dereva alikuwa kijana mwenye adabu. Akaja kwenye barabara na matope yake. Akaja kwenye vitunguu, vya nani vimeoza shambani. Moloimet amechuchumaa mbele yake anaitikia, "Ee. Ee." Mimi nimesimama mlangoni na furushi mkononi, nangoja amalize nimwonyeshe chumba.

"Na nyumba yangu imeanguka," mama akasema.

"Imeanguka lini?" nikauliza.

Alinitazama bila hasira yoyote. "Ule ukuta wa nyuma ulipata ufa. Nikakupigia nikuambie. Kesho yake ukashuka, mzima mzima, juu ya kitanda."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nje. Nashipai, jirani yangu mmoja wa Kimasai mwenye ng'ombe, alipita na maziwa, tukakaa kwenye gogo kupeana habari. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikamwambia acha nikalale kidogo. Akasema, hujamaliza kunipa habari, huwezi kuniacha katikati. Basi nikakaa nikamaliza. Tukausikia unaanguka. Nimelala kwake tangu siku hiyo."

Mvua ilikuwa imeshika kasi sasa. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilipiga," alisema. "Ukasema utanipigia."

Ndani ya nyumba Marijani aliniita, anataka kujua mlango wa chumba cha mama ufungukie upande gani. Aliniita mara mbili. Niliweka furushi chini, nikavuta tofali, nikakaa mbele ya mama, karibu, magoti yetu yakagusana.

"Mama," nikamwambia, "anza tena mwanzo. Hilo lori lilikuchukulia wapi?"